Mdhibiti wa Bei za Michezo

Wamae alikuwa amemaliza chapati na maharagwe katika hoteli moja karibu na stendi ya Nyeri, na sasa alikuwa anapanga namna ya kutoka bila kuonana na mwenye hoteli. Hapo ndipo alipomsikia mtu wa meza ya pili akisema kwenye simu kwamba kuna mwanamke Karatina anauza kodi.

"Anauza kodi bei ya kutupa," yule mtu alisema, "na serikali inamwangalia tu. Mimi nauza kodi genuine. Niko na za Ulaya, niko na za Amerika. Yeye hata haijulikani anatoa wapi."

Wamae alirudisha kikombe mezani. Katika maisha yake alikuwa ameuza ploti moja kwa makanisa mawili, vifaranga ambao mayai yao hayakuwa yametagwa, na nafasi za kazi kwenye meli kwa vijana wa Mukurweini ambao hawakujua kuogelea. Lakini kuuza kodi hakukuwahi kumpitia kichwani. Kodi hutozwa na serikali. Kama kuna mama Karatina aliyeanza kuiuza rejareja, huyo alistahili heshima, na pengine kutembelewa.

Alibeba kikombe chake akahamia meza ya pili.

"Samahani kaka," alisema kwa sauti yake ya chini, ile iliyowafanya watu wamsogelee wenyewe. "Nimesikia ukitaja serikali. Si kwamba napenda kusikiliza watu. Ni kazi."

Yule mtu alikata simu. Aliitwa Kingori, na alikuwa na macho mekundu ya mtu anayelala na simu mkononi. "Wewe ni wa serikali?"

"Mimi natoka juu," Wamae alisema.

Hapo hakudanganya. Alikuwa amepanga chumba King'ong'o, na ukitoka mjini kwenda King'ong'o unapanda. Wamae alijivunia sana jambo hilo, kwamba alisema uongo mara chache. Watu walijidanganya wenyewe. Yeye alikuwa akiwashikia mlango tu. Hata jina lake hakulificha, kwa sababu aliamini kwamba jina la bandia humsumbua kwanza aliyelitunga.

"Basi Mungu amekuleta," Kingori alisema, akavuta kiti karibu. "Hiyo kodi si ya kulipa serikali, mkubwa. Ni kodi ya mchezo. Code. Vijana wako na mashine za kucheza kwa TV, mpira, magari, kupigana. Zamani ulikuwa unanunua kasha. Siku hizi mtu analipa kwa simu, namtumia kodi, herufi na namba zimechanganyika, anaandika kwa mashine yake na mchezo unashuka wenyewe. Duka langu ni Mlima Games. Halina mlango, halina rafu. Ni mimi na hii simu na mtandao."

"Na huyo wa Karatina?"

"Wakonyo. Nikiweka bei, anaweka chini yangu. Nikishuka, anashuka. Juzi tumeshuka mpaka tukawa tunauza kwa hasara, wote wawili, na hakuna mwenye anataka kuwa wa kwanza kupandisha. Baba mkwe wangu ananiuliza kila Jumapili kwa nini niliacha kazi ya factory ya majani chai nije kuuza kitu haishikiki. Nikipata mtu wa kumfungia huyo msichana, mimi nitamshukuru."

"Utamshukuru namna gani?" Wamae aliuliza polepole.

Kingori alimlipia chapati na maharagwe. Huo ulikuwa mwanzo.

Wamae alipofika Karatina siku ya soko, alipitia kwanza upande wa mitumba akanunua suti ya kijivu iliyomkaa kana kwamba marehemu aliyeivaa kwanza alimwachia kwa wosia. Kati ya mitumba na duka la shangazi yake Wakonyo, ambalo liliuza sufuria, alitunga ofisi nzima: Baraza la Ushindani wa Haki katika Michezo ya Mtandaoni, Ukanda wa Mlima. Lilikuwa jina refu, na Wamae alijua kwamba jina likiwa refu watu huona aibu kuliuliza maswali.

Wakonyo alikuwa msichana mwembamba mwenye kofia ya sufu, ameketi nyuma ya mlima wa sufuria, simu tatu mapajani. Alipoona suti hakungoja salamu.

"Mmetumwa na Kingori?"

"Hatutumwi na mtu, madam. Sisi tunachunguza soko."

"Basi mchunguze yeye. Huyo buda ana-post ati kodi zangu ni za wizi. Mimi nanunua kwa wholesaler, niko na risiti. Nikiongeza bei hata kidogo anashuka, customers wote wanamkimbilia. Nimekaa hapa mwaka mzima na shangazi anafikiria bado natafuta kazi."

"Ungependa tufanye nini?"

Wakonyo alitazama kushoto na kulia, kana kwamba sufuria zingemsaliti. "Mnaweza kumfungia?"

Ni jambo la kusikitisha, na msimulizi analisema kwa heshima, kwamba katika mji na katika soko, mtu na mpinzani wake walikuwa wanaomba kitu kimoja kwa maneno yale yale. Wamae angeweza kuwakutanisha wakapatana kwa kikombe kimoja cha chai. Lakini chai hiyo ingemletea faida gani yeye?

Alimpa Wakonyo maagizo, na jioni hiyo akampa Kingori yale yale. Uchunguzi umeanza. Ili Baraza lisiseme kwamba wewe ndiye unayeharibu soko, kuanzia leo usiuze mchezo wowote chini ya bei hii hapa, nayo ilikuwa bei ya juu kidogo, ya kupendeza. Mwenzako akiuza chini yake, tunamshika. Usimwambie mtu, maana huu ni mtego. Na kila Ijumaa kuna ada ya uchunguzi, pesa mkononi, sababu mambo ya simu yanaacha alama na wachunguzi wetu wanafanya kazi kwa siri.

Wakonyo alifurahi. Kingori alifurahi vilevile. Kila mmoja alilala akiamini kwamba mwenzake yuko ndani ya mtego, na kila Ijumaa Wamae alipita Nyeri asubuhi na Karatina mchana, akikusanya bahasha kwa uso wa mtu aliyeelemewa na majukumu ya taifa.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo mpaka Krismasi, lakini Wamae alikuwa na ugonjwa wa watu wa aina yake: hakuweza kuona mfuko uliofungwa bila kuugusa. Alisikia kwamba Nanyuki kuna mama mwingine anauza michezo kwenye mtandao, Hodi Games, wateja wake wakiwa watoto wa matajiri wa mashamba na wanajeshi wa kambini. Akapiga suti pasi akapanda kaskazini.

Mama huyo, aliyeitwa Hodo, alimpokea sebuleni kwake. Familia yao ilikuwa ya wauza mifugo, na yeye ndiye aliyechoka na vumbi la mnadani akaanza kuuza simu, kisha michezo. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye shela ya rangi ya kahawia, na alimsikiliza Wamae mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo lilimfanya Wamae aongee zaidi ya alivyokusudia.

"Kunywa chai," Hodo alisema. "Sasa, wewe unatoka ofisi gani?"

"Mimi natoka juu."

"Juu ya nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Wamae alikunywa chai ili apate nafasi. Ilikuwa ya moto sana.

"Juu... ya Nyeri," alisema, ulimi ukiwa umeungua.

"Na nisipolipa ada yako?"

"Tutalazimika kufunga duka, mama."

"Sawa. Funga." Hodo alinyoosha mikono kuonyesha makochi, mapazia, na runinga. "Duka langu liko kwa simu. Ndugu yangu, mimi nimekua mnadani. Kila soko kuna mtu anakuja na koti na anakuambia mbuzi wako ana shida. Baba alikuwa anawajua kwa mbali. Kunywa chai, hakuna mtu anakufukuza."

Wamae alikunywa. Alianza kupima umbali wa mlango.

"Hebu niambie kitu kimoja tu," Hodo aliendelea. "Hao wa chini, Nyeri na Karatina, umewaambia wauze bei gani?"

Wamae alimtajia. Hodo akainua macho kwenye dari, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali.

"Na wanakutii?"

"Mama, wananiogopa sana."

"Basi usiwaache," alisema Hodo. "Kaza huko huko. Wakilia, kaza zaidi. Mimi nitakuwa nakupa kitu ya mafuta kila Ijumaa."

Hivyo Wamae aliyekwenda Nanyuki kutoza ushuru alirudi akiwa ameajiriwa. Njiani alifurahi, akaona kwamba sasa anakula pande tatu. Ilimchukua muda kugundua kwamba hakuwa ameulizwa kama anataka.

Mchezo wa kununua mtandaoni haujali mtu anakaa wapi. Kijana wa Othaya, au wa Gakindu kwenye kahawa, akiona bei ya Nyeri na bei ya Nanyuki, hapandi gari kwenda popote. Anagusa tu jina la pili badala ya la kwanza. Hodo alishusha bei kidogo tu, chini ya ile ya Wamae, na bado akabaki na faida nene. Ndani ya msimu mmoja wa mvua wateja wa mlima mzima walikuwa wamehamia kwake, na simu ya Kingori ikakaa kimya hata akaanza kuipigia kutoka kwa simu ya mke wake kuona kama inafanya kazi.

Kila mmoja alimpigia Wamae kulalamika kwamba mwenzake anauza chini kwa siri.

"Tunachunguza," Wamae aliwajibu.

"Mkubwa, niruhusu nishuke kidogo tu," Wakonyo alimwomba siku moja. "Mwezi huu hata umeme nimelipiwa na shangazi. Ameanza kuniambia nitafute kazi ya kuosha hizi sufuria."

"Sheria ni sheria, madam."

Na hapo ndipo lilipoanza jambo la ajabu, kwa sababu Wamae aliposema sheria ni sheria, alihisi kitu kifuani. Alikuwa amevaa suti hiyo kila Ijumaa. Watu walimpisha njia. Alianza kusoma habari za ushindani wa biashara kwenye simu yake na kukasirika kabisa, peke yake kitandani, kwamba kuna wafanyabiashara duniani wasiofuata taratibu. Akiingia hotelini alilipa bili. Mwenye hoteli wa stendi alishtuka, akaihesabu chenji mara mbili.

Kingori yeye alichoka kungoja. Aliamua kumnasa Wakonyo mwenyewe. Alichukua simu ya mke wake akaandika kwa Wakonyo akijiita Mama Kabura wa Mweiga, akasema mwanawe ana siku ya kuzaliwa na anaomba mchezo wa mpira, lakini pesa zimepungua, amsaidie na bei.

Wakonyo alijibu kwamba hawezi kushuka.

Mama Kabura alisema mtoto ni mgonjwa.

Wakonyo alisema anamwombea, lakini hawezi kushuka.

Mama Kabura alisema mtoto huyo huyo ni yatima upande mmoja.

Kisha ikaja sauti ya Wakonyo mwenyewe, iliyorekodiwa, ikiwa imechoka. "Mathe, mimi ningetaka. Naapa ningekupa hata bure. Kuna watu wa Baraza wamenikataza, wanasema nikishuka watanifunga. Jaribu Kingori wa Nyeri. Ni mtu mbaya lakini labda yeye anashuka."

Kingori alisikiliza sauti hiyo mara kadhaa. Mwishowe akampigia, kwa simu yake mwenyewe.

"Ni Kingori," alisema. "Ule mtu mbaya. Huyo mtu wa Baraza, amevaa suti ya kijivu?"

"Inamtosha vizuri," Wakonyo alisema.

"Anachukua bahasha Ijumaa?"

"Mchana. Yako anachukua saa ngapi?"

"Asubuhi."

Walikutana Karatina, katikati ya sufuria. Walikuwa wametukanana mtandaoni kwa muda mrefu bila kuonana, na mwanzoni hawakujua watazame wapi. Kingori alikuwa mfupi kuliko picha yake. Wakonyo alimletea chai, akaomba msamaha kwa kumwita fisi, Kingori naye akaomba msamaha kwa mambo ambayo Wakonyo hakuwa ameyasoma bado. Walilinganisha habari na walipomaliza waliona aibu, kwa sababu kila mmoja alijua alichokuwa ameomba kwa yule mtu wa suti.

"Wateja wetu wako wapi sasa?" Kingori aliuliza.

Wakonyo aligeuza simu yake akamwonyesha ukurasa wa Hodi Games.

Walikwenda Nanyuki wakiwa wameiva kwa hasira, wakiamini kwamba Hodo ndiye aliyemtuma. Hodo aliwakaribisha kwenye makochi yale yale.

"Sikumtuma," alisema. "Alikuja mwenyewe. Mimi nilimlisha tu. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Si kila mmoja wenu alikuwa anamlipa amfungie mwenzake?"

Wakonyo alitazama viatu vyake.

"Lakini walahi siwezi kuendelea," Hodo alisema. "Wateja ni wengi, usiku simu inalia, mimi mtu mmoja. Kingori, wewe una kodi za Ulaya ambazo mimi sipati. Wewe msichana unajua mashine hizi kuliko sisi sote, wateja wangu wengine bado wanakuulizia wewe. Tuwe duka moja. Halafu mrudishiwe pesa yenu."

"Hawezi kurudisha," Kingori alisema. "Ule si mtu wa kurudisha."

"Sikusema tumwombe. Huyo mtu, mkimwangalia, anapenda nini?"

Wakonyo alifikiri. "Kuitwa mkubwa."

"Basi tumuuzie ukubwa," alisema Hodo, akawaongezea chai.

Ijumaa iliyofuata Hodo alimwita Wamae waonane mji mdogo wa Chaka, kwenye bucha moja inayochoma nyama ya kondoo, akamwagizia mbavu. Akamwambia kwamba amechoka, anataka kupumzika na watoto, anauza Hodi Games.

"Nimekufikiria wewe," alisema. "Nani mwingine analijua hili soko? Nani mwingine anajua kwamba Nyeri na Karatina hawawezi kushuka bei?"

Wamae aliacha kutafuna. Akaiona picha yote mara moja: duka moja huru kwenye mlima mzima, washindani wawili wamefungwa mikono na sheria, na mwenye duka ni Wamae. Kitu kimoja tu kilimtoka akilini, nacho ni kwamba sheria yenyewe aliitunga yeye, kati ya mitumba na sufuria. Lakini alikuwa ameisema mara nyingi mno, na kwa suti. Tayari alikuwa anaiamini.

"Sikiliza vizuri," Hodo alisema, "sitaki maneno baadaye. Nakuuzia jina, picha, na ukurasa na wafuasi wake wote. Namba yangu ya simu sikuuzii. Hiyo ni yangu."

"Namba nitapata nyingine."

"Na kodi utajitafutia pa kununua."

"Hiyo ni kazi ndogo."

"Na mimi sijasema sitauza tena. Nasema nimechoka. Umeelewa?"

"Mama, mimi ni mtu wa sheria. Nimeelewa."

Hodo alimwita mwenye bucha, akamwomba Wamae arudie yote mbele yake. Wamae akarudia neno kwa neno, mkono mmoja umeshika ubavu. Bei ilikuwa kubwa. Alitoa bahasha zote za Ijumaa alizokuwa ameweka, za Nyeri, za Karatina na za Nanyuki, na zilipopungua akaongeza pikipiki aliyokuwa ameinunua majuzi. Alitembea kwa miguu mpaka barabarani kutafuta gari la Nyeri, mkubwa kamili.

Aliandika kwenye ukurasa kwamba Hodi Games iko chini ya uongozi mpya. Watu wengi walibonyeza alama ya moyo. Mmoja akaandika kutaka mchezo wa magari, na Wamae akagundua kwamba hana mchezo wa magari wala wa kitu kingine. Alitafuta muuzaji wa jumla, akapewa bei iliyomfanya aulize kama wamemsikia vibaya. Mteja alipoona anachelewa alisema asante, nimepata.

Alipata wapi? Wamae aliingia mtandaoni. Hodo alikuwa amewaandikia wateja wake wote, mmoja mmoja, kwa namba ile ile waliyoizoea, kwamba sasa yuko na Kingori na Wakonyo katika duka jipya linaloitwa Figa Tatu. Na bei zao zilikuwa chini. Chini kabisa ya bei ya Baraza.

Wamae alimpigia Kingori. "Mnauza chini ya bei iliyowekwa."

"Ni ukweli, mkubwa."

"Nitawachukulia hatua."

"Kuja tu. Leo tunachoma mbuzi hapa Karatina, tunafungua duka. Shangazi ya Wakonyo ametoa sufuria kubwa. Ukichelewa utapata supu."

Kuna watu ambao wangecheka hapo wakaanza upya na vifaranga. Wamae hakuweza. Alilala mchana kutwa akitazama ukuta. Mtu aliyeibia watu miaka mingi bila kukosa usingizi sasa aliumia moyo kwa uchungu wa mwenye duka mdogo aliyemezwa na wakubwa. Alikuwa amelipa pesa halali, hadharani, mbele ya shahidi. Alikuwa amedhulumiwa. Na mtu aliyedhulumiwa katika nchi yenye sheria huenda wapi?

Alipiga suti pasi, akashuka mjini, akaingia ofisi ya serikali inayoshughulikia ushindani wa biashara. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ofisi ya serikali kwa hiari.

Afisa aliyempokea aliitwa Njoki, mama wa makamo aliyejifunika leso magotini kwa sababu ya baridi ya Julai. Alichukua fomu, akaandika jina la mlalamikaji juu kabisa, Wamae, bila Wamae kusita kulitaja. Kisha akamsikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Wamae alieleza vizuri. Alitumia maneno aliyoyasoma kitandani. Alisema kuhusu wakubwa wanaoungana kumponda mdogo, na kuhusu bei za chini zinazoua soko, na sauti ikamkatika mahali ambapo hakupanga ikatike.

"Pole sana, Bwana Wamae," Njoki alisema, na alimaanisha. "Duka tatu kuungana, hilo tutaliangalia, kuna utaratibu wake. Lakini sijaelewa kitu kimoja. Unasema wanauza chini ya bei iliyowekwa. Iliwekwa na nani?"

Wamae alinyoosha tai. "Kulikuwa na bei, madam. Ilikuwa inajulikana."

"Kwa sheria hakuna mtu anaruhusiwa kuwawekea washindani bei moja. Huyo ndiye mwenye makosa makubwa zaidi hapa. Ni nani?"

"Mtu fulani. Sikumwuliza vizuri."

"Si kitu. Tutawauliza wao." Njoki alivuta simu ya mezani.

"Labda tusiwasumbue leo," Wamae alisema. "Wana sherehe."

Lakini Njoki alikuwa ameshabonyeza namba ya duka la Figa Tatu, ambayo Wamae mwenyewe alikuwa amempa, na kwa kuwa alihitaji mikono kuandika, akaweka sauti nje. Simu ililia. Ikapokelewa na sauti nzito, tulivu, ya mwanamke aliyekuwa anatafuna.

"Hujambo mama. Naitwa Njoki, nakupigia kutoka ofisi ya ushindani wa biashara, Nyeri. Nilitaka kukuuliza kuhusu bei za michezo."

"Dada, umechelewa," Hodo alisema. "Sisi tulishalipa mwenzako, tangu mwaka uanze. Kila Ijumaa."

Njoki aliacha kuandika. "Mwenzangu yupi?"

"Huyo aliyetuwekea bei. Anasema anatoka juu. Wamae. Alinunua duka langu la zamani, sasa ni mfanyabiashara kama sisi. Ukimwona msalimie, mwambie supu yake imebaki."

Simu ilikatika. Njoki aliondoa leso magotini, akaikunja vizuri, akainuka, akaenda kusimama kati ya Wamae na mlango. Akafungua mlango kidogo, akamwambia askari wa nje asogee karibu, akaufunga tena kwa upole ili baridi isiingie. Aliporudi kwenye kiti alichukua kalamu.

"Tuendelee," alisema. "Jina la mlalamikiwa?"

Wamae alitazama fomu. Aliyafikiria majina mengine, akayaacha. Alivua koti la suti, akalitundika nyuma ya kiti kama mtu anayejua kwamba atakaa.

"Nakili tu lile la juu, madam," alisema.